Kupima fruktani kwenye maziwa ya kopo ya watoto: maswali tunayoulizwa kila siku hapa Malindi

Nimechoka kujibu swali moja mara kumi kwa WhatsApp, tena usiku, kwa hivyo nimeamua kuyaweka yote pahali pamoja. Maabara yetu ni ndogo, iko hapa hapa Malindi, watu sita na paka mmoja ambaye haruhusiwi kuingia ndani lakini huingia. Tunapima vyakula, na mwaka huu kazi iliyotula vichwa ni hii ya fruktani kwenye maziwa ya unga ya watoto wachanga, haya tunayoyaita maziwa ya kopo. Maswali mengine yametoka kwa wanafunzi wa atachimenti, mengine kwa wateja, na mengine kwa majirani zangu wa Maweni wanaonishika njiani nikitoka dukani. Majina ya makopo sitayataja hata uniulize vipi, kuna sheria ya Kenya ya 2012 kuhusu vibadala vya maziwa ya mama inayokataza kuyapigia debe, na mimi sitaki kesi.

Kwani fruktani ni kitu gani?

Ni mnyororo wa sukari. Chukua fruktosi, ile sukari ya matunda na asali, ishikanishe na mwenzake na mwenzake tena, na mara nyingi upande mmoja mwishoni pakae glukosi moja, basi hiyo ndiyo fruktani. Minyororo mifupi, chini ya sukari kumi hivi, watu huiita FOS au oligofruktosi, na mirefu ambayo inaweza kufika sukari sitini huitwa inulini. Usidhani ni dawa ya kigeni. Umeila tangu utotoni, iko kwenye kitunguu maji, kwenye kitunguu thaumu, kwenye ngano, yaani ukishakula chapati na mchuzi ushakula fruktani. Ile ya viwandani nyingi hutolewa kwenye mizizi ya mmea uitwao chikori, ambao hulimwa sana Ubelgiji na Uholanzi, na nyengine hutengenezwa kutoka kwa sukari ya kawaida kwa kutumia enzaimu, yaani kimeng'enya.

Na inawekwa kwenye maziwa ya mtoto ya nini?

Tumbo la binadamu halina enzaimu ya kuikata, kwa hivyo inapita mpaka utumbo mpana ikiwa nzima, na huko kuna bakteria wazuri wanaoisubiri. Maziwa ya mama yana oligosakaraidi (minyororo mifupi ya sukari) zake mwenyewe, nyingi na za maumbo mbalimbali, na hakuna fruktani ndani yake, sasa viwanda vinajaribu kuiga ile kazi kwa kuchanganya GOS, ambazo ni minyororo ya galaktosi, na FOS kidogo. Mchanganyiko maarufu ni tisa kwa moja. Sheria ya Umoja wa Ulaya imeweka mwisho wake usizidi gramu 0.8 kwa kila mililita 100 za maziwa yaliyokwisha kukorogwa, asilimia 90 iwe GOS na 10 iwe fruktani ya minyororo mirefu.

Fanya hesabu nami hapo. Asilimia 10 ya 0.8 ni gramu 0.08 kwa mililita 100. Makopo mengi yanataka kama gramu 13 za unga kwa mililita 100, kwa hivyo ndani ya unga wenyewe fruktani inakuwa kama gramu 0.6 kwa gramu 100. Hiyo 0.6 ishike, tutairudia mpaka uichoke.

Kopo langu limeandikwa fukosilaktosi, si ndiyo hiyo hiyo?

Hapana! Hata wanafunzi wa mwaka wa nne hukwama hapa. Fukosi na fruktosi ni majina ya jirani lakini ni sukari mbili tofauti kabisa, kama Shela ya Malindi na Shela ya Lamu, jina moja na ukikosea basi unashukia pengine. Mbinu yetu haioni fukosi.

Mbona msiipime moja kwa moja kama mnavyopima laktosi?

Laktosi, sukari ya maziwa, ni kitu kimoja, ina umbo moja, mashine inaitoa kama mlima mmoja kwenye mchoro na kazi imekwisha. Fruktani si kitu kimoja, ni ukoo. Ndani ya kopo moja kuna minyororo ya tatu, ya nne, ya ishirini, ya arubaini, kila mmoja na mlima wake mdogo, na standadi ya kila mmoja, yaani sampuli safi ya kulinganishia, huwezi kuinunua hata uuze nyumba. Kwa hivyo watu wakafikiri: tuikate yote, tuhesabu fruktosi na glukosi zitakazotoka, kisha turudi nyuma kwa hesabu.

Wazo zuri, tatizo ni kwamba maziwa ya kopo yenyewe yamejaa sukari. Zaidi ya nusu ya unga inaweza kuwa laktosi, mengine yana sukrosi, ile sukari ya mezani, mengine maltodekstrini, yaani wanga uliokatwakatwa, mengine GOS, na sukrosi ndiyo mbaya zaidi manake nayo ni fruktosi na glukosi zimeshikana. Ukiikata na fruktani pamoja huwezi kujua tena fruktosi hii ni ya nani. Kazi yote ya kuthibitisha mbinu hii, ukiniuliza mimi, ni hiyo tu: kila fruktosi uliyoihesabu uweze kuapa kwao ni wapi.

Mbinu yenyewe inaendaje?

Tunayotumia inafuata AOAC 2016.14 (AOAC ni shirika linalopitisha mbinu za maabara), ambayo pia imekuwa ISO 22579 ya 2020 kwa ushirikiano na shirikisho la kimataifa la maziwa, IDF. Kwa maneno ya mtaani iko hivi. Unakoroga unga kwenye maji ya moto, maana inulini ya minyororo mirefu haitaki kuyeyuka kwenye maji baridi. Unatia enzaimu za kwanza, zinazovunja sukrosi na maltodekstrini na kuiacha fruktani kama ilivyo. Sasa una bakuli la sukari moja moja pamoja na fruktani nzima, na laktosi na GOS ambazo hazikuguswa. Unapitisha kwenye katriji ya kaboni, ile nyeusi, sukari moja moja zinapita na maji, fruktani inang'ang'ania, na laktosi na GOS nazo. Unaitoa kwa maji yenye asetonitraili, kemikali ya kuyeyushia. Hapo ndipo unatia enzaimu ya pili, fruktanasi, inakata minyororo yote ya fruktani vipande vipande na kuiacha laktosi na GOS, halafu unaingiza kwenye mashine ya kromatografia ya ioni yenye elektrodi ya dhahabu inayohesabu glukosi na fruktosi.

Kwa nini dhahabu? Kwa sababu sukari haina rangi wala haing'ai ikimulikwa, lakini kwenye sodiamu haidroksaidi kali inapata chaji kidogo, kolamu, lile bomba la ndani ya mashine, inaweza kuzitenganisha, na juu ya dhahabu inatoa mkondo wa umeme tunaoweza kuupima. Ndiyo dhahabu pekee tunayoimiliki kazini.

Kama AOAC washaipitisha, nyinyi mnaithibitisha tena kwa nini? Si kupoteza hela?

Swali la bosi wangu hilo, kila mwezi. Wao walithibitisha kwamba mbinu inafanya kazi. Hawakuthibitisha kwamba MIMI naiweza, kwa maji yangu, na mizani yangu, na stima ya Malindi. ISO/IEC 17025 ya 2017 inatenganisha mambo haya mawili: mbinu ya kitabuni ukiifuata vilevile unatakiwa uhakikishe unaifikia, na ukiibadilisha, au ukiitumia kwa chakula ambacho haikutengenezewa, inabidi uithibitishe upya kama yako. Sisi tulibadilisha aina ya katriji kwa sababu ile ya asili ilikuwa inachukua wiki nyingi kufika, kwa hivyo hatukuwa na njia ya mkato. Watu wa KENAS wanaotoa ithibati wakija, kitu cha kwanza watakachouliza ni ushahidi, na "tumefuata kitabu" si ushahidi.

Mkaanza wapi?

Kwenye kopo lisilo na fruktani. Kila mtu hukimbilia kupima kopo lenye kitu kwa sababu kuona namba kunafurahisha, sisi tukaanza na lile ambalo jibu lake linatakiwa liwe sifuri. Hebu nikuonyeshe kwa nini. Tuseme kopo lina gramu 10 za sukrosi kwa gramu 100 za unga na enzaimu yako imefanya kazi asilimia 98, ambayo inasikika vizuri sana, hata mwalimu atakupa alama ya A. Imebaki gramu 0.2 ya sukrosi. Kaboni inaikamata hiyo pamoja na fruktani, enzaimu ya pili inaikata, mashine inaihesabu, na kwenye ripoti inatoka kama gramu 0.19 ya fruktani ambayo haipo duniani. Sasa kumbuka 0.6 yetu. Umemzidishia mteja karibu theluthi moja, na huku unajisifu kwa 98.

Ilitutokea, sitaficha. Ilikuwa Machi, joto lile ambalo hata kaskazi haliondoi, na kopo letu la sifuri likatoa namba ambayo haikuwa sifuri. Tukabadilisha enzaimu, namba ipo. Tukaosha kolamu, ipo. Mimi nikaanza kumshuku aliyepima uzito, naye akaanza kunishuku mimi, tukanuniana siku mbili. Mwisho nikachukua daftari la kazi nikasoma mstari kwa mstari, na pale kwenye hatua ya enzaimu ya kwanza kijana wa atachimenti alikuwa ameandika kwa penseli, herufi ndogo kama za sisimizi, "stima ilipotea kidogo". Kidogo ngapi? Nikamuita. Akaniambia, "Si sana dada, dakika arubaini hivi, nikaendelea ilipofika muda." Bafu la maji la enzaimu linatakiwa likae nyuzi 40, lilikuwa limepoa bila mtu kulitazama, enzaimu zikalegea, sukrosi ikabaki. Siku hizi bafu lile lina betri yake na kipimajoto kinachoandika chenyewe, na yule kijana sasa anaandika kwa kalamu ya wino.

Kuna njia ya kujua kama sukrosi imebaki bila kungoja kopo la sifuri?

Ipo na ni ya bure, iko kwenye matokeo yako mwenyewe. Mnyororo wa sukari kumi kwa kawaida una fruktosi tisa na glukosi moja. Sukrosi ni moja kwa moja. Kwa hivyo ukiona glukosi inapanda kuikaribia fruktosi, shuku. Na angalia galaktosi vilevile, kwa sababu ikijitokeza mahali ambapo haikutarajiwa, maana yake enzaimu yako ya pili ina uchafu unaokata laktosi au GOS, na glukosi inayotoka humo unaihesabu kama ya fruktani. Tuliwahi kurudisha chupa nzima ya enzaimu kwa ajili hiyo. Fundi wa mauzo alituambia ni safi, tukampelekea picha ya mlima wa galaktosi, akanyamaza.

Naweza kutumia invertasi ya kawaida kuondoa sukrosi, ni rahisi zaidi?

Usithubutu. Invertasi inakata sukrosi ndiyo, lakini inakata pia minyororo mifupi ya FOS, kestosi na nistosi, yaani unamfukuza mwizi na mwenye nyumba pamoja. Tumia sukrasi ile mahsusi, na hata hiyo ijaribu kwa kuipa kestosi peke yake uone kama inaigusa.

Hii 0.9 kwenye hesabu inatoka wapi?

Fruktosi na glukosi tulizozihesabu tunazizidisha kwa 0.9 ili turudi kwenye uzito wa fruktani. Sukari zikishikana zinatoa maji, zikikatwa zinayachukua tena. Fruktosi iliyo peke yake ina uzito wa molekuli 180, ikiwa ndani ya mnyororo ni 162, na 162 kwa 180 ni 0.9. Kwa inulini ndefu hiyo inatosha kabisa. Lakini kwa minyororo mifupi haikai sawa, kwa mfano kestosi yenye sukari tatu ni 504 kwa 540, yaani 0.933, na ukitumia 0.9 unaipunguza kwa asilimia 3 na nusu hivi bila kosa lolote la mikono yako. Kwa hivyo muulize mteja alichotia koponi ni nini. Akisema "ni prebayotiki tu", yaani chakula cha bakteria wazuri, mwambie arudi na karatasi ya malighafi.

Mnajaribu vipi kama fruktani yote inarudi?

Unachukua kopo la sifuri (lile lile, sasa limetulia), unatia inulini unayoijua uzito, unapima, unaangalia asilimia ngapi imerudi. Tulifanya kwa viwango vitatu, nusu ya tunachotarajia, sawa nacho, na moja na nusu yake, siku tofauti na mikono tofauti. Mpaka tuliojiwekea ni 90 hadi 110.

Sasa kuna mitego miwili. Wa kwanza ni huo unga wa inulini. Usidhani chupa ya gramu 10 ina inulini gramu 10, ndani kuna maji na sukari huru, lazima uyaondoe kwenye hesabu. Na hapa pwani ukiufungua unavuta unyevu ukiuangalia, kama vile chumvi inavyoganda kwenye kichupa cha mezani. Nilimuona mtu kwenye mizani anangoja namba itulie, haitulii, inapanda tu polepole, akadhani mizani mbovu, kumbe alikuwa anapima hewa ya bahari. Fungua, pima, funga, na unyevu wake uupime siku ile ile.

Mtego wa pili: ukitia inulini ndefu peke yake umejidanganya. Inulini ndefu inashika kaboni vizuri, mifupi inaweza kuponyoka. Tena kaboni ina nafasi yake, ukiijaza laktosi nyingi mno fruktani itakosa pa kukaa. Kwa hivyo jaribu na FOS fupi pia, na jaribu ndani ya maziwa halisi, si ndani ya maji matupu. Kwenye maji kila mtu ni bingwa.

Nirudie mara ngapi ndio nijue matokeo hayachezi?

Sisi tulipima sampuli moja mara mbili kwa siku, kwa siku kadhaa zilizoachana, na kubadilisha mtu, ndipo unaona tofauti ya siku moja ikoje na tofauti ya siku na siku ikoje. Kurudia mara sita asubuhi moja kunakuonyesha tu kwamba hukunywa kahawa nyingi. Kujua kama mtawanyiko ni wa kawaida tunatumia kanuni ya Horwitz, ambayo kwa gramu 1 kwa gramu 100 inatarajia asilimia 4 kati ya maabara na maabara, na kwa 0.6 yetu inatoka kama 4.3. Ndani ya maabara moja tarajia nusu yake mpaka theluthi mbili, yaani kama 2 hadi 3. Ukipata 0.1 usishangilie. Mtu akiniletea 0.1 namuuliza kwanza kama alipima mara sita au alisoma chupa moja mara sita.

Na jambo linalosahauliwa: sampuli yenyewe. Fruktani ikitiwa kavu kwenye unga haisambai sawa kila pembe ya kopo. Ukichota gramu moja juu na gramu moja chini unaweza kupata namba mbili ukalaumu mashine. Koroga gramu 25 kwenye gramu 200 za maji kwanza, kisha chukua kwenye huo uji. Mapishi hayohayo, huwezi kuonja wali kwenye punje moja.

Kiwango cha chini kabisa mnachoweza kukisoma?

Kinategemea kopo la sifuri linatoa kelele kiasi gani, si mashine inaona kidogo kiasi gani. Mashine yetu inaona fruktosi kidogo mno, wallahi hata ya jasho ningeambiwa inaiona ningeamini, lakini mabaki ya sukrosi ndiyo yanayoamua. Kwa hivyo kiwango chetu tumekitoa kwa kupima makopo ya sifuri ya aina mbalimbali, yenye sukrosi na yasiyo nayo.

Na mstari wa standadi je?

Huo ni mstari wa kulinganishia, unaochorwa kwa standadi za viwango mbalimbali. Pointi zisipungue tano, na usiridhike na ile R mraba ya 0.999, chora mabaki, yaani umbali wa kila pointi na mstari, uone kama yanapinda. Elektrodi hii ukiipa sukari nyingi inaanza kuchoka na mstari unainama kwenye kichwa. Punguza sampuli kwa maji, basi.

Maabara ya pwani ina shida zake?

Tele. Sodiamu haidroksaidi inafyonza hewa ya kaboni na kugeuka kaboneti, kaboneti inakaa kwenye kolamu kwa ukaidi, na sukari zinaanza kutoka mapema kila siku, leo dakika hii, kesho mapema kidogo, mpaka fruktosi inampanda mwenzake. Tunanunua ile ya maji ya asilimia 50, si ile ya vidonge, tunachota katikati ya chupa kwa pipeti bila kuitikisa, na juu ya chupa ya mashine kuna naitrojeni muda wote. Chupa ziwe za plastiki, haidroksaidi inakula kioo.

Maji ndiyo kisa. Kisima chetu kina chumvi, kama visima vingi vya huku karibu na bahari, na kloridi inashindana na sukari kwenye kolamu. Mtambo wa kusafisha maji unabadilishwa vichujio mara nyingi kuliko kitabu kinavyosema. Fundi akitoka Mombasa huuliza mnayafanyia nini haya maji, tunamwambia tunayachota tu.

Hatuna mashine ya dhahabu, ile mbinu ya rangi haitoshi?

Inatosha kwa mambo fulani. AOAC 999.03 inatumia enzaimu kisha rangi inayosomwa kwa spektrofotomita, ni nafuu, na kwa unga wa ngano au kitunguu naipenda. Lakini humo sukari zilizobaki zinazimwa, zisihesabiwe, kwa kemikali iitwayo borohaidraidi, na borohaidraidi inazima pia ncha za minyororo ya oligofruktosi isiyo na glukosi mwishoni, kwa hivyo fruktani iliyokatwakatwa kiwandani unaisoma pungufu. Ile nyengine ya zamani, 997.08, inapima sukari kabla na baada kisha inatoa. Kwenye maziwa yaliyojaa sukari ni kama kupima lori la chumvi la Gongoni utingo akiwa ndani, kisha akishuka, ili upate kilo za utingo. Utapata namba, ila usimnunulie nguo kwa namba hiyo.

Ripoti yangu itoke lini, na mbona mmeandika jumlisha au toa?

Siku tano za kazi ikiwa stima imekaa. Jumlisha au toa ni upana wa shaka yetu, umetoka kwenye yale marudio, kwenye kurudi kwa inulini, kwenye standadi, kwenye mizani. Mteja mmoja alitaka tuifute kwa sababu "inaonyesha hamna uhakika". Nikamwambia mzee wangu, maabara isiyoandika shaka yake ndiyo uiogope. Hakupenda, lakini alirudi na makopo mengine.

Mimi ni mama tu, mwanangu anajaa gesi, nibadilishe kopo?

Dada yangu, mimi napima makopo, sipimi watoto. Mpeleke kliniki, na kama bado wanyonyesha, miezi sita ya kwanza maziwa yako pekee yanatosha, hilo Shirika la Afya Duniani limelisema miaka mingi. Ila kuna jambo moja ulijue: wako watoto wachache wanaozaliwa hawawezi kabisa kuistahamili fruktosi, na ndiyo maana kiwango cha Codex, kanuni za kimataifa za chakula, cha maziwa ya watoto kinataka fruktosi isiongezwe na sukrosi iepukwe kama hakuna haja. Mtoto akitapika na kulegea kila akipewa kopo, usiningojee mimi wala WhatsApp, chukua tuktuk sasa hivi.

Makopo yanayobaki baada ya kupima mnayapeleka wapi?

Hili linaulizwa sana mtaani, na najua kwa nini, kopo ni ghali na sisi tunachota gramu 25 tu. Shangazi yangu mwenyewe alinijia mlangoni na mfuko. Tunaliweka mpaka muda wa mteja kulalamika upite, kisha tunalimwaga mbele ya watu wawili na wote wanatia sahihi. Limefunguliwa kwenye chumba chenye asetonitraili, kijiko kilichoingia humo hakikuchemshwa, hakuna mtoto atakayelinywa. Shangazi alinuna wiki nzima. Mfuko aliuacha, paka ndiye analalia.